Wakili wa Mirathi Malindi na Lamu: Ubishe Mlango Gani?

Shangazi yangu alipofariki, chini ya mto wake tulikuta funguo za nyumba ya Mkomani, Lamu, na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, juu imeandikwa WASIA kwa herufi kubwa. Ilisema nyumba apewe binti wa kakake aliyemuuguza miaka minne ya mwisho. Chini palikuwa na alama ya dole gumba na saini ya shahidi mmoja. Shahidi mwenyewe ni mume wa huyo binti.

Aliyeiandika tulimjua. Ni mtu wa meza na kompyuta, mwandishi wa barua za watu, si wakili. Shangazi alimlipa, naye akapiga mhuri, akamwambia, "Haina neno hii, Bi Mkubwa."

Ilikuwa na neno. Tumevuka Mokowe, gati la bara la kuendea Lamu, kwenda na kurudi mara ambazo sizihesabu tena, na katika kuzunguka huko tumebisha milango minne ambayo mtu wa pwani yetu huijua akitaka kupanga mali yake kabla hajafa, au akiachiwa mali na aliyetangulia: kadhi, wakili wa Malindi, wakili wa kutoka Mombasa au Nairobi, na huyo mtu wa meza. Mimi si mwanasheria. Naandika kama mtu aliyebeba bahasha.

Kabla ya wakili, jua sheria inayokushika

Watu huuliza "wakili mzuri ni nani?" kabla hawajajua wamesimama upande gani. Kenya ina njia mbili kubwa za mirathi, na hazifanani. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, ilianza kutumika Julai 1981. Hiyo ni ya watu wote isipokuwa Waislamu, ambao mali yao hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu. Lakini sehemu ya saba ya sheria hiyohiyo, inayohusu kusimamia mali ya marehemu, huwagusa Waislamu pia pale isipogongana na dini yao. Wakili asiyejua hilo atakupoteza njia mapema.

Chukua mfano wa mzee aliyeacha mali ya shilingi milioni 6, mke mmoja, wavulana wawili na msichana mmoja, wazazi wake wote wameshatangulia, wala hakuacha deni. Akiwa Mwislamu, mke atapata thumni, sehemu moja ya nane, yaani 750,000. Zinazobaki, 5,250,000, wagawane watoto, mvulana mafungu mawili na msichana fungu moja: kila mvulana 2,100,000, msichana 1,050,000. Akiwa si Mwislamu na hakuacha wasia, mkewe atachukua vyombo vya nyumbani viwe vyake, na mali iliyobaki aitumie maisha yake yote. Akiondoka yeye, watoto wagawane sawa kwa sawa, wa kike kwa wa kiume.

Na wasia je? Asiye Mwislamu anaweza kumwandikia amtakaye, mradi asiwaache mikono mitupu wale waliomtegemea, maana kifungu cha 26 kinawapa ruhusa ya kwenda mahakamani kudai riziki yao. Mwislamu ana theluthi moja tu ya kuusia, na theluthi hiyo haiendi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Hapo ndipo karatasi ya shangazi ilipokwama. Hakuwa na mume, watoto wala wazazi, kwa hiyo warithi wake ni ndugu zake watatu: baba yangu, ami yangu na shangazi yetu mdogo. Binti aliyeusiwa nyumba si mrithi, basi kuusiwa kwake ni halali, lakini nyumba ya Mkomani peke yake ilizidi theluthi kwa mbali. Wakili au sheikh angemwambia hivyo kwa dakika tano, na shangazi angemwandikia hiba, yaani zawadi, ya sehemu ya nyumba angali hai na mzima, akamkabidhi, mambo yakaisha. Hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti hurudi kwenye theluthi ileile.

Kuna jambo jingine ambalo wachache wanalijua, na mimi nilikuja kulitumia kama mtihani wa kuwapima mawakili. Vifungu vya 32 na 33 vya Sheria ya Mirathi vinasema kwamba katika wilaya fulani, mtu akifa bila wasia, shamba la kilimo na mifugo havigawanywi kwa kanuni za kawaida za sheria hiyo, bali kwa mila za jamii ya marehemu. Lamu imo katika orodha ya wilaya hizo. Tana River imo. Malindi haimo. Kwa hiyo mkulima Mkristo wa Mpeketoni na mwenzake wa Gede, wenye ekari sawa na familia sawa, wakifa bila kuandika kitu, huenda wasiishie pahali pamoja. Mkulima wa Mpeketoni ana sababu kubwa zaidi ya kuandika wasia. Muulize wakili swali hili. Akikutazama kama hujui unalosema, mshukuru kwa chai uondoke.

Mlango wa kadhi

Mahakama ya Kadhi iko Lamu na iko Malindi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinampa kadhi mamlaka juu ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote walio kwenye shauri ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa naye. Maneno hayo mawili, "wote" na "wamekubali", ndiyo yanayoamua kama mlango huu ni wako.

Uzuri wake ni mwingi. Unasema Kiswahili chako cha nyumbani, na hakuna anayekucheka ukisema "nyumba ya nana" badala ya kutaja nambari ya kiwanja. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kadhi anajua mafungu kwa kichwa, na zaidi ya mafungu anajua kukalisha watu. Shangazi mdogo alikataa katakata kuridhia binti apewe nyumba iliyozidi theluthi. Mahakamani aliulizwa swali moja tu: "Siku marehemu alipokuwa hawezi kuinuka, wewe ulikuwa wapi?" Hakujibu. Wiki mbili baadaye alikuja na kitambulisho chake, akaridhia. Sijui wakili gani angeuliza vile bila kupigiwa kelele za pingamizi.

Ila ufahamu mipaka yake. Kadhi huamua nani mrithi na kila mmoja ana fungu gani. Mtu baki akisema shamba hilo si la marehemu bali lake, ugomvi huo ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na hiyo iko Malindi. Mmoja wenu akiwa si Mwislamu, au akikataa kusikilizwa na kadhi, mtajikuta kwa hakimu au Mahakama Kuu, ambayo iko Malindi na nyingine Garsen. Asiyeridhika na hukumu ya kadhi naye hukata rufaa Mahakama Kuu.

Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo pekee. Uamuzi huo umezua mjadala mkubwa misikitini na barazani kwetu, na sina haja ya kuuingia hapa. Kama familia yako ina mtoto wa namna hiyo, usiende popote bila mtu wa kukueleza uamuzi ule unakugusaje, kwa sababu shauri litakalofungwa bila kumtaja laweza kufufuliwa na yeye mwenyewe siku nyingine.

Ukitaka kuweka wakfu, nyumba ya Lamu ibaki kwa kizazi au kwa msikiti isiuzwe, hilo nalo lina sheria yake mpya ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi ya ile ya enzi ya ukoloni, na kuna Tume ya Wakfu. Nyumba ngapi za mawe Lamu zimeporomoka kwa sababu warithi ni arubaini na hakuna wa kununua hata gunia la chokaa? Wakfu wa familia ulioandikwa vizuri, wenye msimamizi aliyetajwa na chanzo cha pesa za ukarabati, unaweza kuiokoa nyumba. Ulioandikwa vibaya huifunga mpaka ianguke.

Mtu wa meza

Nitasema kidogo. Ni wa haraka, ni wa bei nafuu, anakujua. Kwa barua ya kuomba kazi hana mpinzani. Lakini Sheria ya Mawakili hairuhusu asiye wakili kutoza pesa kwa kuandaa hati za aina hii, na ikiharibika, tume ya kulalamikia mawakili haimgusi. Karatasi ya shangazi ilikuwa na shahidi mmoja, wakati sheria ya wasia wa maandishi, Sura ya 160, inataka wawili au zaidi. Na huyo mmoja alikuwa mume wa anayepewa. Kwa sheria hiyo, zawadi kwa shahidi au kwa mke au mume wa shahidi ni batili mpaka wapatikane mashahidi wengine wawili wasiohusika. Tuliokolewa na kwamba shangazi ni Mwislamu na kadhi alitazama maneno ya mashahidi wengine waliomsikia akiusia. Jirani asiye Mwislamu mwenye karatasi kama ile angekuwa amekula hasara kabisa.

Wakili wa Malindi na wakili wa mbali

Hapa ndipo watu hukosea sana, na sisi tulikosea kwanza.

Ami yangu anafanya kazi Nairobi. Alipendekeza wakili wa huko, ofisi ya ghorofani, sekretari wa kukukaribisha kahawa. Tulizungumza naye kwa simu. Alikuwa mtu mwenye adabu na mwelekevu, akatueleza Sheria ya Mirathi kifungu kwa kifungu. Nilipomuuliza kuhusu shamba la Mambrui, karibu na Malindi, ambalo shangazi alikuwa na sehemu yake, akauliza hati miliki yake ni ya jina la nani. Nikasema hati ni ya babu, lakini nyumba mbili zilizojengwa juu yake si zetu, ni za watu waliokodishwa kiwanja tangu zamani. Simu ikanyamaza. Akauliza tena, "Nyumba si yenu, ardhi ni yenu?"

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Ni desturi ya nyumba bila ardhi: kiwanja cha mmoja, jengo la mwingine, na kila mmoja anarithisha chake. Iko Malindi, iko Mombasa. Wakili asiyeijua ataandika kwenye orodha ya mali nyumba ambazo si za marehemu, au ataziacha zile ambazo ni zake. Tena ardhi ya ukanda wetu ina historia yake ya sheria ya hati ya 1908, na bado watu wana karatasi za enzi hizo sandukuni. Asiyezijua karatasi hizo ataziona takataka.

Kwa hiyo tukageukia Malindi. Wakili wa kwanza tuliyemwona ana ofisi yake juu ya duka, viti vya plastiki, faili zimepangwa sakafuni. Alitusikiliza dakika kumi. Tulipotaja Mambrui akainua mkono, akasema, "Mzee, samahani, siwezi kuchukua kesi hii. Mwaka jana niliandikia mtu mkataba wa kununua sehemu ya shamba hilo kutoka kwa binamu yenu." Hatukuwa hata tunajua kwamba binamu anauza. Alikataa pesa yetu, akatutoa tukiwa tumejua jambo zito kuliko tulilokwenda nalo.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Mji wetu ni mdogo. Wakili wa karibu anajua nyumba yako, anajua mpaka wa shamba uko kwenye mwembe upi, na karani wake anamjua karani wa masijala. Lakini pia anamjua binamu yako, na huenda alishamwandikia kitu. Wakili wa mbali hana undugu na mtu, ila pia hana habari. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza wakili wa Malindi au Lamu ni hili: "Umewahi kufanyia kazi mtu yeyote katika hii orodha?" Andika majina ya warithi wote, majirani wa shamba, na yeyote aliyewahi kutaka kununua. Mpe. Wakili mwaminifu atasoma polepole. Atakayesema "hakuna shida" bila kusoma ana shida.

| Mlango | Unapofaa | Unapouma |
|---|---|---|
| Kadhi | Waislamu watupu, warithi wanajulikana, ugomvi ni wa kifamilia | Mrithi asiye Mwislamu. Mtu baki anayedai ardhi |
| Wakili wa Malindi | Shamba, hati za zamani, kadhi na Mahakama Kuu kwa pamoja | Anawajua wote, pamoja na usiowataka |
| Wakili wa mbali | Biashara kubwa, hisa, mali Nairobi, ugomvi mkali wa watu wazito | Nauli, kuahirishwa kwa kesi, desturi asizozijua |
| Mtu wa meza | Barua ya kawaida | Wasia |

Jambo moja limepunguza nguvu ya umbali. Tangu Machi 2024 mahakama kote nchini zinapokea kesi kwa njia ya mtandao, hivyo wakili wa Mombasa hahitaji kumtuma karani Malindi kuwasilisha kila karatasi. Lakini mtandao hautembei mpaka wa shamba. Na kwa Lamu, ukimtaka aione nyumba, lazima avuke maji. Wakili tuliyempata mwishowe ana ofisi Malindi na huenda Lamu siku za kesi. Alikuja Mkomani mara moja tu, akazunguka nyumba yote, akauliza kuhusu wikio, kile chumba cha juu ya njia kinachounganisha nyumba yetu na ya jirani, ni la nani na nani anatengeneza paa lake. Nikajua tumefika.

Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Anayerithi nyumba ndani yake hawezi kubomoa na kujenga apendavyo. Hilo hupunguza bei ya nyumba kwa baadhi ya wanunuzi na huiongeza kwa wengine, na katika kugawana, bei ndiyo ugomvi. Mwulize wakili nani atakayekisia thamani na kwa kanuni ipi.

Kumhakiki

Oktoba 2023 nchi nzima ilizungumzia kijana aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia jina linalofanana na la wakili wa kweli. Tangu siku hiyo siamini kibao mlangoni. Chama cha Mawakili Nchini kina ukurasa wa kutafuta jina la wakili na kuona kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Leseni hutolewa mwaka kwa mwaka, kwa hiyo aliyekuwa wakili halali juzi anaweza asiwe leo. Usilinganishe jina tu. Omba nambari yake ya usajili, ile inayoanza na P.105, uitazame. Wakili wa kweli haudhiki. Wetu alitoa simu akatuonyesha mwenyewe kabla hatujamaliza kuuliza.

Mambo yakiharibika, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, chini ya Mwanasheria Mkuu, na kuna baraza la nidhamu. Kwa mtu wa meza huna tume wala baraza.

Ukishajua ni wakili kweli, mpime kama ni wa kazi hii. Mawakili wengi wa miji yetu hushika kila kitu, ajali za pikipiki, talaka, mikataba ya viwanja, na hilo si kosa. Muulize amefungua mashauri mangapi ya mirathi na mangapi yameisha, maana kufungua ni rahisi. Muulize kama amewahi kusimama mbele ya kadhi au huenda Mahakama Kuu tu. Muulize swali la vifungu vya 32 na 33. Muulize nani hasa atakayeishika faili yako, yeye au kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita.

Kisha msikilize anavyokuuliza wewe. Wakili wetu alianza na babu, si na shangazi. "Hati bado ni ya babu? Basi mna maiti wawili, si mmoja," alisema. Hakusema kwa utani. Sehemu ya shangazi katika shamba haiwezi kuhamia kwa mtu mpaka mirathi ya babu iamuliwe kwanza. Wakili wa Nairobi hakulifikia hilo katika simu mbili ndefu. Huyu alilifikia kwenye swali la pili.

Pesa

Kuna kanuni ya malipo ya mawakili inayoweka kima cha chini, na wakili haruhusiwi kwenda chini yake. Kwa hiyo anayekuambia atafanya kwa bei ya njugu, ama anavunja kanuni ama atakudai baadaye. Na mwenye kukuambia "nilipe tukishinda tu", mwambie sheria inabatilisha makubaliano ya namna hiyo katika kesi.

Tulichofanya ni kuomba karatasi moja yenye mafungu matatu: malipo ya wakili, gharama za nje kama ada za mahakama, tangazo la Gazeti Rasmi na nauli ya Lamu, na VAT ya asilimia 16. Wa kwanza kati ya wawili tuliowalinganisha alionekana rahisi mpaka tulipogundua hakuhesabu VAT wala nauli. Wa pili alikuwa ameandika hata gharama ya boti kutoka Mokowe. Tulimchukua wa pili.

Kuandikiwa wasia au hiba ukiwa mzima ni kazi ndogo ukilinganisha na shauri la mirathi, na bei yake pia ni ndogo. Ningemwambia shangazi hivyo, lau ningejua.

Halafu kuna anayetaka kuokoa pesa kwa kugawa mali kimyakimya. Ami alitaka kupangisha nyumba ya Mkomani mwezi wa kwanza baada ya arubaini, ili kodi ilipe gharama. Wakili alimzuia. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinamkataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, faini yake hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. "Si faini ninayoiogopa," ami alisema, "ni watu kusema nimefungwa kwa ajili ya nyumba ya dada yangu."

Ukiwa na mgeni katika familia

Malindi ina Waitaliano wa miaka mingi, na wengi wameoa hapa au wamenunua nyumba. Kwao ulinganisho ni mwingine, na wakili wa Malindi aliyezoea mambo yao anawazidi wote. Katiba, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kuwa na ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Ardhi iliyo Kenya hufuata sheria ya Kenya. Fedha na vitu vinavyohamishika hufuata sheria ya pale marehemu alipokuwa na makao yake ya kudumu. Kwa hiyo mara nyingi wageni hawa huwa na wasia mbili. Hatari iko katika mstari ambao mawakili huuandika kwa mazoea: "Nafuta wasia zote nilizoandika kabla." Wasia wa Malindi wenye mstari huo unaweza kuufuta wa Italia bila mtu kukusudia. Mke wa Kimalindi aliyeolewa na Mwitaliano amuulize wakili swali hilo moja, na amkumbushe pia kwamba ndoa ifungwayo baada ya wasia huufuta wasia huo, ila kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo.

Tulipofika

Nyumba ya Mkomani imeshapita kwa kadhi, binti amekaa mwake. Shamba ndilo lililobaki. Babu alikuwa na mke mwingine Mambrui, na wajukuu wawili wa upande ule ni Wakristo. Kwa sababu yao mlango wa kadhi ulifungwa kwa mirathi ya babu, na ndipo wakili alipokuwa wa lazima kwetu. Tulikwenda Mahakama Kuu ya Malindi. Binamu wale hawana fungu kwa sharia, lakini baba na ami walikubali wapewe sehemu ya upande wa barabara, kwa hiari yao, na wakili ameiandika hivyo, kwa maneno ambayo kila mmoja aliyasoma kwa sauti kabla ya kutia saini. Yule binamu aliyetaka kuuza sehemu ya shamba amerudisha pesa.

Tangazo lilitoka kwenye Gazeti Rasmi, siku thelathini zikapita bila pingamizi. Hati ya usimamizi imetoka, sasa tunahesabu miezi sita ya kusubiri kuthibitishwa. Wakili ametuandikia tarehe ya kurudi kwenye kipande cha karatasi, na baba amekibana ukutani pembeni ya kalenda ya Kiislamu. Kila Ijumaa akirudi kutoka msikitini hukitazama.

Jana aliniuliza, "Mwanangu, huyu wakili anaandika na wasia pia?"

Nikamwambia anaandika.

"Basi siku ya tarehe hiyo unichukue na mimi."